Kicheko Kilichofutwa

Kijiji cha Chilungule kilikubali kuhama siku ya Alhamisi, saa nne na dakika tatu asubuhi, na hakuna mtu wa Chilungule aliyejua. Huko kwao ilikuwa alfajiri, watu wamelala na ng'ombe wamelala. Waliokubali ni mapacha wao, ambao makazi yao yalikuwa ghorofa ya sita ya Taasisi ya Sera ya Haedong, mjini Busan, ndani ya mashine isiyozidi ukubwa wa kabati la nguo.

Nyamizi Kasubi alisimama mbele ya ukuta wa kioo akihesabu pamoja na mashine. Kaya mia mbili na kumi na mbili. Zilizokubali, mia moja tisini na tisa. Kule ndani kulikuwa na vikao vya ukoo, ugomvi wa wake wenza na siku tisa za kubishana. Huku nje yote hayo yalichukua dakika nne.

"Asilimia tisini na nne," alisema Profesa Yun nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mwenye sauti ndogo, na ndiye aliyebuni mapacha. "Sheria yenu inataka theluthi mbili tu. Kesho jopo halitakuwa na la kukuuliza. Nenda ukapumzike."

Mwenzangu, ungekuwa wewe ungerukaruka. Mchumi daraja la pili kutoka ofisi ya mipango Dodoma, miaka miwili ya ufadhili, baridi mbili za kupasua midomo, na sasa tasnifu yake ya uzamili ndiyo ingekuwa hati ya kitaalamu ya kujenga bwawa la Mto Mlenje. Watu laki tatu wangepata maji ya bomba. Chilungule peke yake ndiyo ingezama, na Chilungule ilikuwa imesema ndiyo. Lakini Nyamizi hakuruka. Tangu Jumatatu usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, na sababu haijui.

"Profesa, naomba nizungumze na mmoja wao kabla hatujafunga."

"Yeyote unayemtaka."

Alichagua kaya ya thelathini na moja. Kioo kikatoa kiti cha mninga, na juu yake Bi Mbeleje Chilewa amekaa, kitenge begani, kama alivyokuwa miaka kumi na miwili iliyopita.

"Bibi, nina swali moja tu. Kwa nini umekubali kuhama?"

"Niko tayari kuhama hata leo," alijibu pacha kwa upole, kama mtu anayejaza fomu benki. "Mradi nisimwone Mnyamwezi tena."

Nyamizi aliinama karibu na kioo. Sentensi ile aliijua. Siku iliposemwa kwa mara ya kwanza alikuwapo, na aliyekuwa akiambiwa ni yeye.

*

Mapacha hawakuzaliwa kwa uchawi. Walizaliwa na Sensa ya Sauti ya mwaka elfu mbili hamsini na moja, pale serikali ilipochoka na mikutano ya hadhara isiyokwisha na fomu zenye majibu ya neno moja. Karani aliingia kila kaya na kishikwambi, akauliza maswali sitini, akarekodi. Rekodi zikapelekwa Haedong, zikasafishwa, na kila mhojiwa akatengenezewa pacha: mtu wa kuulizwa badala yake, asiyechoka, asiyehitaji posho ya kikao. Baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Ridhaa, na kura ya pacha ikawa sawa na kura ya mwenye sauti.

Karani wa Chilungule alikuwa Nyamizi mwenyewe, ametoka chuo juzijuzi, miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Naye ni Mnyamwezi wa Urambo, na Chilungule ni Ugogo. Aliyempangia kituo hakufikiria zaidi ya orodha ya majina na magari. Mtu wa bara angemwambia: kumpeleka Mnyamwezi kuhoji Wagogo ni kumpeleka mtani kwa watani wake, halafu utarajie mazungumzo ya kiofisi!

Siku ya kwanza tu walimficha begi, wakadai fidia ya babu yao aliyeangukiwa na mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi enzi za misafara. Siku ya pili akamkamata kuku wa Bi Mbeleje akisema ni haki yake, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Na maswali? Alipouliza idadi ya watoto, aliambiwa kumi na saba, wote wavivu kama wewe. Alipouliza kama wanahitaji zahanati, aliambiwa ya nini, Mgogo haumwi, wanaoumwa ni Wanyamwezi waliovunjika migongo kwa kubeba mizigo. Alipouliza, "Je, ungekuwa tayari kuhamia mahali penye maji ya uhakika?" Bi Mbeleje alilitoa lile jibu lake, ua zima likaanguka kicheko, na karani akacheka kuliko wote. Jibu likapendwa. Hadi jioni lilikuwa limefika kila nyumba, na kila nyumba ilimngoja kwa hamu aulize tu.

Mwisho wa kila hojaji palikuwa na kisanduku: *Je, mhojiwa alijibu kwa dhati?* Ukibonyeza *Hapana*, kishikwambi kilifungua kurasa nne za maelezo. Mawingu yalikuwa yametanda, dereva wa mradi anapiga honi asije akanasa korongoni. Nyamizi alibonyeza *Ndiyo*. Alibonyeza *Ndiyo* mara mia mbili na kumi na mbili.

Kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha kusimulia harusini. Lakini makarani wengine walirudi na majibu makavu, naye akarudi na rekodi ndefu zilizojaa maneno. Akapewa cheti cha karani bora. Cheti hicho ndicho kilichombeba hadi kwenye ufadhili. Na rekodi zake, kwa utajiri wake, zikafanywa mbegu ya mapacha wa kata arobaini na moja za nyanda kame za kati.

*

Profesa Yun alipokwenda chakula cha mchana, Nyamizi alifunga mlango, akarudi mbele ya kioo, akamrudisha Bi Mbeleje kitini.

"We kizee," alimwambia, "bado hujafa tu? Sisi majembe ya kukuzika tumeshayanoa mara mbili, yanaota kutu."

Bi Mbeleje halisi angemwuliza kama hayo majembe ni yale waliyoiba kwa mjomba wake. Angemtaja mama yake, bibi yake na umbo la kichwa chake, na asingemaliza mpaka jua lizame. Nyamizi alingoja. Alitamani kutukanwa kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

Pacha alimtazama kwa macho yasiyo na kitu ndani.

"Naomba uniheshimu," akasema. Taa ya juu ikageuka njano, na maandishi yakapita chini ya kioo: *Mhojiwa amedhalilishwa. Mazungumzo yamesitishwa.*

Nyamizi alifungua mwongozo wa kitaalamu, kurasa zile ambazo kila mwanafunzi huzitaja kwenye marejeo bila kuzisoma. Sura ya tatu, hatua ya usafishaji. *Sauti zisizo maneno huondolewa kabla ya mafunzo ya pacha: upepo, mifugo, kikohozi, kilio cha mtoto, kicheko.* Akatafuta jedwali la Chilungule. Asilimia thelathini na moja ya rekodi zake zilikuwa zimetupwa kama kelele.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Walichukua matusi ya watani, wakayatoa kicheko, wakayapeleka serikalini yakiwa maoni ya wananchi.

*

Saa kumi jioni ya Busan, saa nne asubuhi ya Chilungule, alipiga simu akiwa amekaa kwenye ngazi za mtaa wake. Mtaa wenyewe ulipanda mlima kama ngazi ya darini, nyumba juu ya nyumba. Alikuwa ameupanda na kuushuka mara tatu bila kujua anakwenda wapi.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa imekwaruza kidogo, lakini ndiyo yenyewe. "Nachambua mlenda hapa, sina muda wa matapeli."

"Mbukwa, bibi. Ni Nyamizi. Karani," alisema, akianza na salamu ya Kigogo.

"Haa! Yule mpagazi? Nilisikia umekwenda kwa Wakorea. Wamekubebesha nini huko?"

"Ninasoma, bibi. Uzamili."

"Miaka yote hii kichwa hakijashika? Rudi, nikutafutie mbuzi wa kuchunga. Hao hawaulizi vyeti."

Nyuma yake watu walicheka, na Nyamizi naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Bibi, sasa nauliza kwa dhati. Wakija watu wa serikali wakasema Chilungule ihame lijengwe bwawa, mtakubali?"

"Hata leo! Lete lori! Ila wewe usikae mbele na dereva, utalala."

Kicheko tena. Aliuliza mara ya pili, akaambiwa Wanyamwezi ndio wabebe tembe vichwani, nyumba kwa nyumba. Aliuliza mara ya tatu, akaambiwa sasa anaanza kuzeeka. Na hapo, kwenye ngazi zile za mawe, Nyamizi akaelewa jambo ambalo halikuwa katika kurasa mia mbili za tasnifu yake. Wachumi wote wa dunia wangeweza kumwuliza Bi Mbeleje swali lile na kupata jibu. Yeye hakuweza. Kwake yeye lile swali halikuwa swali, lilikuwa uchokozi, na uchokozi una majibu yake.

Akaacha kuuliza.

"Bibi, wameshajibu kwa niaba yenu. Yale mliyoniambia mwaka ule niliyaandika kama kweli. Kesho wanatia saini. Ni mimi. Niliandika kwamba mmesema kwa dhati."

Majani ya mlenda yaliacha kuchambuliwa. Kwa mbali mtu aliuliza kuna nini, akanyamazishwa.

"Nyamizi," alisema Bi Mbeleje.

Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kumwita kwa jina tupu, bila tusi mbele yake.

"Chilewa wangu alipofariki, kaburi lake lilichimbwa na watani. Wanyamwezi watatu wa pale stesheni. Walichimba wakimtukana, wakalala kaburini wakisema hawatoki mpaka wapewe mbuzi. Nami nilicheka, siku ya kumzika mume wangu nilicheka, na kama si kicheko kile ningemfuata. Kaburi hilo ndilo mnataka kulitia maji?" Alikohoa. "Sihami. Hilo si la utani. Umelisikia?"

"Nimelisikia, bibi."

"Haya. Na usiende kuwaambia Wakorea kwamba nililia. Waambie nilikutukana."

*

Jioni ile ile, ofisini kwake, Profesa Yun alisikiliza yote bila kumkatiza, kikombe cha chai ya shayiri kikipoa mkononi mwake. Nyamizi alipomaliza, profesa hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi.

"Sura yako ya tano," alisema. "Nikumbushe ile namba."

"Namba ipi, Profesa?"

"Kila mwaka bwawa likichelewa, watoto wangapi wa vijiji vya chini wanakufa kwa maji machafu?"

"Mia nne na kumi."

"Namba hiyo ilitoka kwa mapacha?"

"Hapana. Ilitoka kwenye vitabu vya hospitali."

"Kwa hiyo namba hiyo haina utani."

Profesa aliweka kikombe mezani. "Mama yangu alizaliwa katika bonde ambalo leo ni ziwa. Alikuwa na miaka tisa. Askari walikuja asubuhi, jioni wakawa barabarani na magodoro. Hakuna aliyewauliza lolote. Hadi anakufa alikuwa akichora ramani ya kijiji kile kwenye bahasha za barua. Nilijenga mashine hii ili duniani asihamishwe tena mtu ambaye hakuulizwa. Na sasa unaniambia imeuliza, na haikusikia."

"Haikusikia kwa sababu yangu, Profesa."

"Kwa sababu yako, na kwa sababu yangu. Kicheko nilikifuta mimi. Nilidhani ni kelele." Alimtazama moja kwa moja. "Bwawa lina dirisha la ufadhili hadi Desemba. Ukisema kesho, wataanza kuuliza upya, na dirisha litafungwa. Ukisema, kata nyingine arobaini zilizojengwa kwa sauti zako nazo zitatikisika. Tasnifu yako itasimamishwa. Sikwambii unyamaze. Nakwambia useme ukijua uzito wake."

Nyamizi aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alikwenda dirishani, chini kule watu wanavuka barabara kwa utulivu wa watu wasiojua lolote. Watoto mia nne na kumi aliwajua kwa sababu aliwahesabu mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, akiwa na homa, katika hospitali mbili za wilaya. Bi Mbeleje alimjua kwa sababu aliwahi kumwibia kuku. Uchumi aliousoma ulikuwa na njia kumi za kupima hao mia nne na kumi, na hakuna hata moja ya kupima kaburi.

"Wote walikuwa wakitania," alisema akiwa amekipa chumba mgongo. "Kijiji kizima. Siwezi kuwazamisha watu kwa mzaha nilioucheka mwenyewe."

"Wote?"

"Wote. Nilikuwapo."

*

Ijumaa mchana ukumbi ulikuwa na maprofesa watatu na skrini moja kubwa kutoka Dodoma, ambako ndiyo kwanza kumekucha. Aliyekaa kwenye skrini ni Kamishna wa Makazi, Ndugu Chidawali, mtu wa miraba minne mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Kasubi," alisema kabla ya kikao kufunguliwa rasmi, "wewe si Mnyamwezi? Nani amempa Mnyamwezi maiki? Tutakula saa ngapi?"

Wakorea walisoma tafsiri kwenye meza zao, wakatazamana kwa wasiwasi. Nyamizi aliinamisha kichwa. Kumbe kamishna ni Mgogo. Mungu naye ana utani wake.

Hakufungua ukurasa wa kwanza wa wasilisho. Alisema, "Kabla ya matokeo, naomba jopo lisikilize rekodi ghafi ya kaya ya thelathini na moja. Haijasafishwa."

Sauti yake ya ujana ikajaza ukumbi ikiuliza swali la maji. Ikafuata ya Bi Mbeleje: *Hata leo! Mradi nisimwone Mnyamwezi tena!* Kisha kicheko kikalipuka. Kilikuwa cha watu kama kumi, wanawake wakipiga vigelegele, mzee mmoja akipaliwa, mtu akigonga sufuria, na juu ya wote karani, akicheka mpaka anaomba wamwonee huruma. Kwenye meza za Wakorea tafsiri ilionyesha sentensi moja, *Niko tayari kuhama hata leo, mradi nisimwone Mnyamwezi tena*, na baada yake sekunde kumi na tisa za nafasi tupu.

Ndugu Chidawali alicheka naye. Alicheka kwa mabega, akavua miwani, akajifuta macho. "Huyu bibi angekuwa Bungeni," akaanza. Kisha uso wake ukaanza kubadilika, taratibu.

"Asilimia tisini na nne," akasema.

"Ndiyo, Kamishna."

"Imetoka kwenye utani huu?"

"Imetoka humo. Kijiji kizima. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuhama."

"Na pale panapouliza kama wamejibu kwa dhati?"

"Nilibonyeza ndiyo. Zote. Gari lilikuwa linapiga honi."

Chidawali alivaa miwani yake na kumtazama, na mle machoni hakukuwa na mtani tena, kulikuwa na mtu mzima wa Ugogo mwenye wazee wake huko.

"Kalamu ilikuwa hapa," alisema, akaiinua waione. "Hapa mezani. Ungenyamaza kwa dakika ishirini tu ningeshatia saini." Aliirudisha mfukoni. "Unajua kuna vijiji vinavyolisubiri bwawa hili?"

"Najua idadi yao. Najua na idadi ya watoto."

"Basi utaishi nayo. Mimi pia."

Uamuzi ulisomwa saa tisa. Saini imeahirishwa. Tasnifu imesimamishwa. Mwanafunzi atasikiliza rekodi ghafi zote mia mbili na kumi na mbili na kukijaza upya kile kisanduku, kaya kwa kaya. Baada ya hapo watu wa Chilungule wataulizwa ana kwa ana, na Ndugu Chidawali akaongeza kwa mkono wake mwenyewe pembeni ya karatasi: *Muulizaji asiwe Mnyamwezi.*

Profesa Yun alipopita karibu yake mlangoni alisimama kidogo. "Sikiliza zote," alisema. "Hadi ya mwisho. Usizikisie."

*

Jumamosi asubuhi alianza. Ilikuwa kazi tamu, na utamu wenyewe ulimshangaza. Kaya ya kwanza walimdai fidia ya babu. Kaya ya tisa walimwozesha kwa mjukuu wa miaka minne. Alimenya machungwa madogo ya Busan, akasikiliza, akacheka peke yake kama kichaa, akabonyeza *Hapana*, akajaza kurasa zote nne za maelezo bila kunung'unika. Kila *Hapana* ilimwondolea jiwe moja kifuani. Jumapili alilala usingizi mzito, wa kwanza kwa wiki nzima.

Jumatatu kabla ya adhuhuri alifika kaya ya mia moja arobaini na saba. Mwendwa Chitema, miaka ishirini na tatu, mtoto mmoja, mume yuko machimboni. Nyamizi hakumkumbuka. Nyumba ya pembeni kabisa, ilionyesha ramani, kilomita saba kutoka kisimani.

*Je, ungekuwa tayari kuhamia mahali penye maji ya uhakika?*

*Hata leo.*

Kisha kicheko. Nyamizi alitabasamu, akapeleka kidole kwenye *Hapana*.

Kidole kikaning'inia. Kuna kitu kilipungua. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena kwa sauti ya juu. Hapakuwa na sufuria. Hapakuwa na vigelegele wala mzee wa kupaliwa. Kulikuwa na kuku akiparua chini, na mtoto mchanga anakohoa, kikohozi kikavu, kisha kulia kidogo kwa sauti isiyo na nguvu. Sauti hizo zote mbili ziliorodheshwa kwenye mwongozo, upande wa kelele. Na kulikuwa na mtu anayecheka. Mmoja tu.

Alisikiliza mara ya tatu ingawa alishamjua anayecheka ni nani.

*Dada,* ilisema sauti ya Mwendwa, chini chini, *mbona unacheka?*

*Aa, nyie Wagogo!* alijibu karani bora, akiwa bado na kicheko kooni, na honi ikisikika mbali. *Haya. Swali la arobaini na nne. Mifugo mingapi?*

Nyamizi alisimamisha rekodi, akavua spika za masikioni. Mwaka ule alimwandika mwanamke huyu kuwa mkweli bila kumsikiliza. Ijumaa, mbele ya watu wenye kalamu, alimwapia kuwa mtani, bila kumsikiliza. Akafungua daftari la kaya la mwaka uliofuata ule wa sensa. Namba mia moja arobaini na saba. Wakazi: wawili. Mume alikuwa amerudi kutoka machimboni. Safu ya watoto ilikuwa na kistari: hakuna.

*Je, mhojiwa alijibu kwa dhati?* kisanduku kiliuliza, kwa uvumilivu ule ule wa miaka kumi na miwili.

Alibonyeza *Ndiyo*. Kisha akaandika barua fupi kwa Ndugu Chidawali, kwamba Ijumaa alisema hakuna hata mmoja, na kwamba hilo nalo si kweli. Kwamba atakayetumwa Chilungule aanzie nyumba ya pembeni kabisa, na akifika asicheke.

Zilibaki kaya sitini na tano. Alivaa tena spika za masikioni, akaisogeza sahani ya machungwa mbali, na kicheko cha kaya ya mia moja arobaini na nane kilipoanza, alijikuta akiwahesabu mmoja mmoja wanaocheka, akimtafuta yule ambaye hakucheka.